UZI: Harold Shipman, daktari wa Hyde aliyewaua wagonjwa wake kwa zaidi ya miaka 20

Wanajamvi, salaam.

Nyuzi nyingi za hapa jukwaani zinazohusu wauaji wa mfululizo huwazungumzia watu waliovizia usiku, wakaua kwa kisu au kwa kamba, kisha wakawachezea polisi shere. Nimeamua kuandika kuhusu mtu ambaye hakuhitaji kumvizia yeyote. Aligonga mlango mchana kweupe akiwa na mkoba wa daktari, akafunguliwa na kukaribishwa ndani kwa jina lake, na alipoondoka mwenye nyumba alikuwa maiti juu ya kiti chake, akiwa amevaa vizuri kama mtu aliyekuwa akisubiri mgeni.

Mtu huyo ni Harold Frederick Shipman, daktari wa familia katika mji wa Hyde, karibu na Manchester, Uingereza. Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 15. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Janet Smith ilijiridhisha kwamba aliwaua watu 215, ikabaki na shaka ya kweli juu ya wengine 45, na mwishowe ikakadiria kuwa jumla ya waliokufa kwa mkono wake ni kama 250. Hoja yangu naiweka wazi tangu mwanzo, kwa sababu simulizi nyingi zinamchora Shipman kama shetani mwenye akili isiyo ya kawaida, na mimi sikubaliani nazo. Alikuwa mzembe, mwenye kiburi, na alama za uhalifu wake alizitawanya kila mahali. Kilichomlinda ni heshima ya kazi yake, pamoja na karatasi za serikali ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizitia saini.

Alizaliwa Nottingham tarehe 14 Januari 1946, katika familia ya kawaida ya wafanyakazi. Mama yake, Vera, aliugua saratani ya mapafu na akafariki mwezi Juni 1963, wakati Harold akiwa na umri wa miaka 17. Katika siku zake za mwisho daktari alikuwa akija nyumbani kumchoma sindano za mofini ili kumpunguzia maumivu, na kijana alikuwa akiyashuhudia hayo. Waandishi wengi wamelishika tukio hili kama ufunguo wa kila kitu kilichofuata. Naliona kuwa maelezo mepesi mno, kwani watoto wasiohesabika wamekaa kando ya kitanda cha mzazi anayekufa na hawakuua mtu. Shipman mwenyewe hakukiri kosa lolote la mauaji mpaka anakufa, hakueleza sababu, na hata tume iliyomchunguza kwa miaka kadhaa haikuweza kusema kwa uhakika nini kilimsukuma.

Alisomea udaktari Leeds, akahitimu mwaka 1970, wakati huo akiwa tayari na mke, Primrose, ambaye walizaa naye watoto wanne. Alianza kazi katika hospitali ya Pontefract, na mwaka 1974 akahamia kliniki ya madaktari wa familia katika mji wa Todmorden. Huko ndiko ilikotokea nafasi ya kwanza ya kumzuia.

Mwaka 1975 wenzake waligundua kwamba daktari huyu mpya, kijana mchapakazi, alikuwa akiandika vyeti vya dawa kwa majina ya wagonjwa na ya kliniki, kisha akizichukua dawa hizo na kujidunga yeye mwenyewe. Dawa yenyewe ilikuwa pethidini, dawa kali ya maumivu ya jamii moja na mofini. Alikuwa amewahi kuanguka na kupoteza fahamu, akawaambia wenzake kuwa ana kifafa. Alipelekwa mahakamani, akakiri makosa ya kughushi na ya kujipatia dawa kwa udanganyifu, akaomba makosa mengine 74 yazingatiwe pamoja na hayo, na mwanzoni mwa mwaka 1976 akatozwa faini ya pauni 600. Alipata matibabu katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini York. Baraza Kuu la Madaktari halikumfutia usajili. Lilimwandikia barua ya onyo. Hapakuwekwa sharti lolote la kumzuia kushika dawa za aina ile, na yeye akatangaza kwamba kuanzia hapo hataweka dawa hizo katika mkoba wake. Maneno hayo yalichukuliwa kuwa kweli kwa zaidi ya miaka 20.

Tume ilikuja kubaini kwamba hata kabla ya kashfa hiyo alikuwa ameshaua. Mwezi Machi 1975, Eva Lyons, mgonjwa wa saratani, alifariki siku moja kabla ya kutimiza miaka 71, muda mfupi baada ya Shipman kumchoma sindano nyumbani kwake.

Mwaka 1977 alipokelewa katika kliniki ya Donneybrook mjini Hyde, na mwaka 1992 akajitenga na kufungua kliniki yake mwenyewe katika nambari 21, Market Street, akiwa daktari pekee. Naomba wasomaji walizingatie jambo hili la kufanya kazi peke yake, kwa sababu tangu siku hiyo hapakuwa na daktari mwenzake chini ya paa lile wa kuona nini kinaendelea. Wagonjwa zaidi ya 3,000 walijiandikisha kwake. Alisifiwa kuwa ni daktari wa zamani, yule anayekuja mpaka nyumbani, anayewajua wajukuu kwa majina na asiyewaharakisha wazee. Wagonjwa walimchangia fedha za kununulia vifaa. Miaka kadhaa kabla, televisheni ya Granada ilikuwa imemhoji kuhusu namna ya kuwatunza wagonjwa wa akili katika jamii. Kwa wenzake na kwa wafanyakazi waliokuwa chini yake alijulikana pia kwa ukali na dharau, lakini hilo lilisamehewa, kwani watu waliamini kwamba daktari hodari ana haki ya kuwa mkali.

Sasa tuangalie alivyoua na alivyojificha, maana hapa ndipo penye somo zima.

Silaha yake ilikuwa diamofini, ambayo madaktari wa Uingereza huitumia kutuliza maumivu ya wagonjwa walio mahututi. Aliipata kwa kuwaandikia wagonjwa wasioihitaji, na kwa kujichukulia iliyobaki nyumbani kwa watu waliokufa kwa saratani, akijifanya kwamba anaipeleka kuiteketeza. Waliouawa walikuwa wengi wao wanawake wazee waliokuwa wakiishi peke yao: katika wale 215, wanawake ni 171 na wanaume ni 44. Mkubwa kuliko wote alikuwa na umri wa miaka 93, na mdogo alikuwa na miaka 41. Si wote waliokuwa wagonjwa. Wengine walikuwa na kikohozi tu, au walikuwa wakisubiri kupimwa damu.

Kwa sheria ya wakati ule, daktari aliyemhudumia marehemu katika ugonjwa wake wa mwisho ndiye aliyeandika cheti cha kifo na kutaja sababu yake. Kama hakuona jambo la kutilia shaka, ofisa wa serikali anayechunguza vifo hakuhusishwa kabisa. Kwa hiyo Shipman aliua, kisha akakaa mezani na kuandika kwamba marehemu amekufa kwa moyo, kwa kiharusi, au kwa uzee. Familia iliyouliza kuhusu uchunguzi wa maiti aliiambia kwa upole kwamba hakuna haja ya kumsumbua marehemu. Mara kadhaa alidai kwamba alikuwa ameita gari la wagonjwa, kisha akalizuia baada ya mgonjwa kukata roho. Rekodi za simu zilikuja kuonyesha kwamba hakumpigia mtu yeyote.

Mwili unapochomwa moto badala ya kuzikwa, ushahidi wote huteketea, na wabunge wa Uingereza walilijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana kwa uchomaji ilitakiwa fomu ya ziada, yenye saini ya daktari wa pili asiyefanya kazi na yule wa kwanza, kisha idhini ya daktari mwingine wa tatu kwenye tanuri lenyewe. Kwenye karatasi ulinzi huo ulionekana imara. Kwa vitendo, daktari wa pili alimpigia simu Shipman, akasikiliza maelezo yake, akautazama mwili na kutia saini. Alikuwa akithibitisha maneno ya muuaji kwa kumuuliza muuaji.

Kuna ndugu ameuliza hapo juu ikiwa kweli mji mzima ulikuwa umelala. Hapana, ndugu yangu, haukuwa umelala. Watu waliona, na waliotangulia kuona hawakuwa wakubwa wa idara ya afya.

Familia ya Massey, wenye biashara ya mazishi mjini Hyde, ndiyo iliyokuwa ikienda kuchukua maiti hizo. Waliona kwamba wagonjwa wa Shipman wanakufa kwa wingi, na kwamba wanakutwa katika hali moja: mwanamke mzee, ameketi kwenye kiti, amevaa nguo zake za mchana, hakuna kitanda kilichovurugika wala dalili za mtu aliyekuwa akiugua. Mzee Alan Massey alikwenda kumuuliza Shipman ana kwa ana, naye akajibiwa kwa utulivu kwamba hakuna la kumtia wasiwasi. Binti yake, Deborah, hakuridhika. Kwa upande mwingine John Shaw, dereva wa teksi aliyekuwa akiwapeleka akina mama wazee sokoni na hospitalini, aliona abiria wake wa siku zote wanapungua mmoja baada ya mwingine, na wote daktari wao ni yuleyule. Alianza kuandika majina. Alisita kwa muda mrefu kuyapeleka polisi, na mimi simlaumu hata kidogo, kwani ni nani angemsikiliza dereva wa teksi akimtuhumu daktari anayependwa na mji mzima? Alipofika polisi mwezi Agosti 1998, orodha yake ilikuwa na majina 21.

Mtu wa kwanza kulifikisha suala hili kwenye mamlaka alikuwa daktari mwenzake, Linda Reynolds, wa kliniki ya Brooke iliyokuwa karibu na ile ya Shipman. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wakitia saini fomu za uchomaji za Shipman, na baada ya kuzungumza na Deborah Massey alifanya hesabu rahisi. Kliniki yao ilikuwa na wagonjwa karibu mara tatu ya wale wa Shipman, ilhali idadi ya vifo vyake haikupungua ile ya kwao. Mwezi Machi 1998 alimpigia John Pollard, ofisa mchunguza vifo wa eneo la Manchester Kusini, naye akawaita polisi.

Uchunguzi uliofuata unasikitisha kuusoma. Ulipewa ofisa asiye na uzoefu wa kesi za namna hiyo. Polisi hawakuangalia hata kama Shipman aliwahi kutiwa hatiani, jambo ambalo lingewafichulia ile kesi ya pethidini mara moja. Hawakuliuliza Baraza la Madaktari. Mafaili ya wagonjwa waliyapitisha kwa daktari mshauri wa mamlaka ya afya, na mafaili hayo Shipman alikuwa ameshayachezea. Wakati huohuo kulikuwa na miili ya wagonjwa wake wawili ambayo ilikuwa bado haijachomwa na ingeweza kupimwa, lakini haikupimwa. Tarehe 17 Aprili 1998 uchunguzi ulifungwa. Baada ya siku hiyo Shipman aliua mara tatu zaidi: Winifred Mellor mwezi Mei, kisha Joan Melia na Kathleen Grundy mwezi Juni. Tume ilisema wazi kwamba maisha yao yangeweza kuokolewa.

Kathleen Grundy ndiye aliyemwangusha. Alikuwa na miaka 81, mjane wa aliyekuwa meya wa Hyde, mwenye afya njema na aliyejitolea katika klabu ya chakula cha mchana cha wazee. Tarehe 24 Juni hakutokea kazini, jambo lisilo la kawaida kwake, na wenzake walipomfuata nyumbani walimkuta amelala kwenye kochi, ameshakufa. Shipman alikuwa amefika asubuhi hiyo kwa kisingizio cha kuchukua damu. Kwenye cheti aliandika kuwa sababu ya kifo ni uzee.

Siku hiyohiyo ofisi moja ya mawakili mjini Hyde ilipokea wosia wa Bi Grundy uliochapwa kwa taipureta, ambao ulimwachia mali yake yote, yenye thamani ya pauni 386,000, daktari wake. Siku chache baadaye ikaja barua ya mtu aliyejiita Smith, ikiwaarifu mawakili kwamba mama huyo amefariki. Mpango huo ulikuwa wa kitoto. Binti wa marehemu, Angela Woodruff, alikuwa mwanasheria, na ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya kisheria ya mama yake. Wosia halisi, wa mwaka 1986, ulikuwa umehifadhiwa katika ofisi yake mwenyewe. Alipoonyeshwa nakala ya ule mpya aliona herufi zilizokaa vibaya, mpangilio wa kihuni ambao mama yake, mtu nadhifu, asingeukubali, na saini isiyofanana na yake. Aliwafuata mashahidi wawili waliotajwa kwenye wosia, akakuta ni wagonjwa waliokuwa wameketi tu katika chumba cha kusubiri, wakaombwa na daktari watie saini karatasi iliyokunjwa. Angela alikusanya haya yote kwanza, ndipo akaenda polisi.

Bahati ilikuwa kwamba mama huyo alikuwa amezikwa na hakuchomwa. Tarehe 1 Agosti 1998 kaburi lilifukuliwa usiku, na vipimo vikaonyesha mofini (diamofini hugeuka kuwa mofini mwilini) katika misuli ya paja lake. Polisi walipopekua kliniki, Shipman aliwakabidhi taipureta ya aina ya Brother, akidai kwamba Bi Grundy alikuwa akiiazima mara kwa mara. Alama ya kidole chake ilikutwa juu ya wosia. Alijitetea kwamba mama huyo, mwenye miaka 81, alikuwa mtumiaji wa dawa za kulevya, na akaonyesha maneno aliyoyaandika kwenye kompyuta kuhusu shaka yake hiyo.

Hapo kompyuta ikamsaliti. Shipman alijua kubadili tarehe inayoonekana kwenye skrini, lakini hakujua kwamba programu ilikuwa ikihifadhi ndani kwa ndani saa na siku halisi ya kila neno lililoingizwa. Kesi ya Winifred Mellor inaonyesha jambo hilo kwa undani. Mama huyo alikufa alasiri ya tarehe 11 Mei 1998, na alasiri hiyohiyo daktari aliketi kwenye kompyuta yake akaanza kumtungia historia ya ugonjwa wa moyo ambayo ilirudi nyuma miezi kadhaa. Alipohojiwa, wapelelezi walimwekea mezani mstari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na saa yake. Mtu aliyezoea kuwafundisha wengine alibaki akisema hana maelezo.

Alikamatwa tarehe 7 Septemba 1998. Katika wiki zote tano kati ya kufukuliwa kwa kaburi na kukamatwa kwake alikuwa akiendelea kuhudumia wagonjwa, na wengi wao walimtumia kadi za kumtia moyo, wakiamini kwamba anaonewa. Kesi ilianza mwezi Oktoba 1999 katika mahakama ya Preston mbele ya Jaji Forbes. Upande wa mashtaka ulichagua vifo 15 tu vilivyokuwa na ushahidi mzito: tisa vya watu waliozikwa na ambao miili yao ilifukuliwa, na sita vya waliochomwa. Tarehe 31 Januari 2000 alitiwa hatiani kwa yote 15, pamoja na kughushi wosia, akahukumiwa kifungo cha maisha bila matumaini ya kutoka. Tarehe 13 Januari 2004, siku moja kabla ya kutimiza miaka 58, alijinyonga katika gereza la Wakefield. Familia nyingi ziliona kwamba amezidhulumu mara ya pili, kwa kuondoka na majibu yao.

Dada mmoja ameuliza swali zuri: je, kwa takwimu peke yake asingeweza kujulikana? Angeweza. Profesa Richard Baker wa Chuo Kikuu cha Leicester alipitia vifo vya wagonjwa wa Shipman kwa niaba ya wizara ya afya, na ripoti yake ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba waliofia majumbani walizidi kwa watu 236 idadi iliyotarajiwa ikilinganishwa na madaktari wa aina yake. Jambo lililonishtua zaidi ni saa za vifo. Wagonjwa wa madaktari wengine walikufa saa zozote za mchana na usiku, bila mpangilio. Wagonjwa wa Shipman walikufa kwa wingi mwanzoni mwa alasiri, saa ambazo daktari alikuwa katika mizunguko yake ya kutembelea nyumba. Vyeti hivyo vyote vilikuwa katika kabati za serikali kwa miaka mingi. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuviweka pamoja na kuvisoma.

Wapo waliosema katika uzi mwingine kwamba Shipman aliua kwa huruma, ili kuwapunguzia wazee mateso. Kauli hiyo inawadhulumu marehemu. Bi Grundy alikuwa akitarajiwa kwenda kuwahudumia wazee wenzake chakula siku aliyouawa. Ivy Lomas alifia ndani ya kliniki yenyewe, alikokuja kwa miguu yake, huku wagonjwa wengine wakisubiri zamu nje ya mlango. Hakuna huruma hapo.

Kuhusu mabadiliko yaliyofuata, dawa za aina ya diamofini ziliwekewa usimamizi mpya kwa sheria ya mwaka 2006, na tangu mwishoni mwa mwaka 2012 kila daktari wa Uingereza anatakiwa kuthibitisha upya mara kwa mara kwamba anastahili kuendelea na kazi. Badiliko lililokuwa muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ndilo lililochelewa. Ripoti ya tatu ya Jaji Smith, ya mwaka 2003, ilitaka utaratibu wa vyeti vya vifo ufumuliwe, ili daktari mmoja asiweze tena kuua na kuthibitisha kifo kwa kalamu yake mwenyewe. Utaratibu wa kisheria wa kuwa na mkaguzi huru wa kitabibu, anayepitia kila kifo ambacho hakikupelekwa kwa ofisa mchunguza vifo na ambaye lazima familia ipewe nafasi ya kuzungumza naye, ulianza kutumika England na Wales tarehe 9 Septemba 2024. Hiyo ni miaka 26 baada ya Angela Woodruff kuutilia shaka wosia wa mama yake.

Mwenye swali kuhusu mwenendo wa kesi au ripoti za tume aliweke hapa chini, nami nitarudi kujibu.